Naomba ushauri: laptopu ya kuchakata picha za setilaiti za mikoko ya Tanga, bajeti laki 8

BintiSahare (mwanzisha uzi) · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Wakuu salaam.

Nipo Tanga mjini, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mikoko, kuanzia hapa mjini kushuka kusini hadi Kigombe. Nataka kujua ni wapi mikoko imepungua na wapi imerudi tangu 2016. Natumia picha za Sentinel-2 (setilaiti za Ulaya), ambazo ni za bure, na programu za SNAP (ya kuchakata picha hizo) na QGIS (ya ramani).

Shida ni mashine. Nina laptopu ya i5 kizazi cha 4, RAM GB 4, diski ngumu ya GB 500, Windows 10. Juzi nimefungua picha moja tu kwenye SNAP, nikaiagiza ilete bendi zote (tabaka za picha, kila moja na aina yake ya mwanga) kwenye pikseli za mita 10. Nilianza saa nne usiku. Naamka kuswali alfajiri nakuta iko asilimia 38, feni inanguruma, kishale cha panya hakisogei. Kabla ya saa moja asubuhi umeme ukakatika, na betri yangu haimalizi robo saa. Usiku mzima ukapotea.

Nimejibana hadi nimepata laki 8. Dukani nimeambiwa nichukue i7 iliyotumika, yenye kadi ya grafiki ya michezo, kwamba hiyo itameza kila kitu. Kabla sijatoa pesa naomba nisikie kwa wanaofanya kazi hizi. Sina laki 8 nyingine.

Mkwakwani95 · saa 2:31 usiku

Chukua i7 dada. Ukishakuwa na i7 hutasumbuka tena.

FundiBarabaraYaNane · saa 2:58 usiku

Mkuu hapo juu, naomba nikupinge kwa heshima. Nafungua hizi mashine kila siku hapa Ngamiani. i7 ni jina la familia, halikuambii uzito wa mashine. i7-4600U ya 2013 ina kiini 2 tu (kiini ndicho kinachofanya hesabu ndani ya prosesa). i5-8250U, iliyokuja miaka minne baadaye, ina kiini 4. Kwa kazi inayogawanyika, hiyo i5 inaiacha i7 mbali, na bei mtaani wakati mwingine zinalingana kwa sababu mteja ananunua kile kibandiko. Soma namba yote, pamoja na herufi ya mwisho.

Dada, kwanza niambie laptopu yako ni modeli gani na ina sloti ngapi za RAM.

BintiSahare · saa 3:10 usiku

Sijawahi kuifungua kaka. Nitaangalia kesho.

PwaniNaPikseli · saa 4:05 usiku

Dada Sahare, kabla hujatoa hata shilingi, tuhesabu picha yako. Kazi hii naifanya mwaka wa sita sasa, na nimeona watu wengi wakianza na duka, data yao wanaijua baadaye. Ianze data.

Kipande kimoja cha Sentinel-2 kina karibu kilomita 110 kwa 110. Kwa pikseli za mita 10 hiyo ni 10,980 kwa 10,980, yaani pikseli milioni 120 na nusu. Kila pikseli inahifadhiwa kwa baiti 2, kwa hiyo bendi moja ikishafunguliwa ni kama MB 241. Faili ulilopakua linaonekana dogo kwa sababu limebanwa. Likifunguliwa linarudi kwenye ukubwa wake halisi, na huo ndio unaoibana RAM.

Setilaiti hii ina bendi 13: nne za mita 10, sita za mita 20, tatu za mita 60. (Ukitumia toleo ambalo athari ya hewa imeshaondolewa zinabaki 12.) Ulipoiambia SNAP izilete zote mita 10, kila pikseli ya mita 60 imekatwa vipande 36, na hakuna habari mpya uliyoipata. Zidisha MB 241 kwa 13, ni zaidi ya GB 3. Ukianza kutafuta faharasa ya mimea (kipimo cha ukijani wake), majibu yanakuja na desimali, baiti 4 kwa kila pikseli, na bendi moja ya majibu inakaribia MB 482.

Sasa rudi kwenye GB 4 zako. Windows na kivinjari vimeshachukua nusu au zaidi. SNAP haibebi picha yote kwa mkupuo, inaikata vigae na kuvishughulikia kimoja kimoja, lakini vile vilivyokwisha kusomwa inaviweka kwenye kumbukumbu ili isivisome tena. RAM ikijaa, Windows inaanza kuutua mzigo kwenye diski. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia moja hivi. Kichwa cha diski ngumu kinahitaji milisekunde kama 10 kufika penye data. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Usiku ule prosesa yako ilikuwa imekaa inasubiri diski.

Usiniamini kwa maneno. Rudia kazi ileile, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, halafu tazama. Prosesa ikiwa asilimia 15 na diski asilimia 100, i7 haikusaidii chochote. Prosesa ikiwa asilimia 100 na diski imetulia, hapo ndipo prosesa mpya ina maana.

Jambo ambalo naliona kubwa kuliko mashine ni eneo lako. Kutoka mjini hadi Kigombe ni kilomita ishirini na kitu. Chora mstatili wa kilomita 30 kwa 10: pikseli 3,000 kwa 1,000, milioni 3. Hiyo ni asilimia 2.5 ya kipande kizima. Bendi zote 13 kwa baiti 4 zinatoa MB 156. Ulikuwa unachakata bahari na mashamba ya mkonge usiku kucha, na mikoko yako ipo kwenye kona moja tu.

Kwa hiyo kata kwanza. QGIS ina zana ya kukata rasta (picha ya pikseli) kwa mipaka unayoichora, na inasoma sehemu inayohitajika bila kujaza RAM. Kata bendi mojamoja kabla hujafanya lolote jingine. Mfumo wa ramani uwe UTM kanda ya 37 Kusini, ambao ndio picha zako zinakuja nao, usiubadilishe njiani. Na chukua bendi unazozitumia tu. Kwa mikoko wengi wetu tunaishi na bendi ya 3 (kijani), 4 (nyekundu), 8 na 11 (infraredi). Kwenye tovuti ya Copernicus unaweza kupakua faili la bendi moja moja bila kifurushi kizima, na bando lako litakushukuru.

Mlingotini · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nipo Bagamoyo, nafuatilia mashamba ya mwani kwa picha hizihizi. Mimi nimeacha kupakua kabisa. Natumia Google Earth Engine: naandika maelekezo mafupi, seva zao zinafanya kazi, nashusha jibu tu, MB chache. Kwa utafiti usio wa biashara ni bure. Laptopu yangu ina GB 4 kama yako na inatosha, kwa sababu kazi yake ni kufungua kivinjari.

Kwa nini mnampeleka dada dukani?

PwaniNaPikseli · saa 1:52 asubuhi

Mlingotini umesema kweli, na kwa kupitia miaka mingi ya picha hiyo ni njia nzuri sana. Kwa kutafuta picha zisizo na mawingu hakuna kinachoishinda. Ninachohofia ni mawili. Intaneti ikikatika kazi inasimama. Na dada atahitaji kukaa na data yake ya uwandani, kuichora, kuihakiki, kuandika tasnifu, kuendesha takwimu kwenye programu ya R. Hizo zinafanyika juu ya meza yake. R inapenda kuweka kila kitu kwenye RAM na kutengeneza nakala katikati ya hesabu, hivyo jedwali la GB 1 linaweza kutaka GB 3 ndipo lipumue.

Mimi ningefanya vyote viwili: kuchuja kule, kumalizia hapa.

BintiSahare · saa 7:40 mchana

Nimefanya jaribio la Ctrl, Shift, Esc. Diski asilimia 100 muda wote. Prosesa inacheza kati ya 9 na 20. RAM imejaa. Nimetazama kwa dakika kumi nzima, haikubadilika.

Nimempelekea fundi hapa jirani akaifungua. Sloti ni mbili, moja ina GB 4, nyingine tupu.

FundiBarabaraYaNane · saa 8:15 mchana

Basi dada mashine yako bado hai.

Kizazi cha 4 kinatumia RAM aina ya DDR3L, ile ya volti 1.35, na prosesa yako inapokea hadi GB 16. Usiuziwe DDR4, mkato wake umekaa pengine na haitaingia. Usiuziwe DDR3 ya volti 1.5 pia, hiyo inaingia vizuri lakini mashine nyingi za namna yako haziwaki nayo. Chukua vijiti viwili vya GB 8 vinavyofanana, kila kimoja kwenye sloti yake, prosesa ivisome vyote kwa pamoja.

Kisha toa hiyo diski ngumu, weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya inchi 2.5, ya kiungio cha SATA. Diski ngumu ikisoma mfululizo inakupa MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika 500 na zaidi. Lakini faida kubwa iko kwenye kuruka huku na huku, kwa kuwa SSD haina kichwa cha kusafiri. Diski ya zamani usiitupe, nunua kasha la USB, iwe ghala la nakala.

Tahadhari ya sokoni: SSD iliyotumika ikaguliwe kwa programu ya CrystalDiskInfo kabla hujalipa. Inaonyesha afya yake, saa ilizofanya kazi na data iliyoandikwa. Na flashi ya bei ya kutupa inayodai TB 2, ipime kwa H2testw. Nimeshaona wateja wawili waliopoteza data kwa flashi zilizodanganya ukubwa wake. Zinakubali kuandikwa, halafu faili halifunguki.

Raskazone_Mkazi · saa 9:05 alasiri

Swali kwa wote. Kizazi cha 4 hakipo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Je si hasara kuongeza vifaa kwenye mashine ya namna hiyo? Mimi ningeuza, nikachukua ThinkPad T480 au wenzake wa kizazi cha 8.

FundiBarabaraYaNane · saa 9:30 alasiri

Ni swali la haki mkuu. T480 ni mashine nzuri, ina sloti mbili za DDR4 na betri ya nyuma inabadilishwa bila bisibisi. (Angalia usipewe T480s ukidhani ni ileile. Hiyo sehemu ya RAM imechomelewa kwenye ubao.) Mwenye bajeti anayeanza upya aichukue.

Ila dada ana mashine tayari. SNAP na QGIS zote zinakaa kwenye Linux bila tatizo. Anaweza kuweka Ubuntu kwenye SSD mpya na akaendelea miaka mingine. SSD hiyohiyo ataihamishia kwenye laptopu ya baadaye. RAM ndiyo haitahama.

ShambaNaDroni · saa 11:00 jioni

Samahani kuingilia, na mimi je? Napiga picha za droni, shamba la mkonge, picha 400 kwa safari. Nahitaji kadi ya grafiki?

PwaniNaPikseli · saa 11:40 jioni

Kwako hesabu ni nyingine. Picha ya megapikseli 20 inayokaa MB 8 kwenye kadi, ikifunguliwa ni pikseli milioni 20 mara baiti 3, MB 60. Na programu inazilinganisha picha na jirani zake zote. Watengenezaji wa OpenDroneMap, programu ya kuunganisha picha za droni, wanashauri RAM GB 16 kwa picha kama 250, na GB 32 kwa 500. Wewe upo katikati, lenga 32. Kadi ya NVIDIA inaharakisha baadhi ya hatua, lakini RAM ikipungua kazi haichelewi tu, inakufa katikati. Anza na RAM.

Kwa dada Sahare kadi haina kazi. SNAP inachakata kwa prosesa, na kuainisha mikoko kwa mbinu ya misitu nasibu (random forest, mbinu ya hesabu) kunafanywa na prosesa pia. Kadi ingekuwa na maana kama angefundisha mitandao ya neva, ile ya akili bandia.

MtotoWaMwarongo · saa 2:45 usiku

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimekulia ufukweni huku na nimewahi kuwaongoza watafiti kwenye mikoko. Naomba niulize: hiyo setilaiti inapita saa ngapi? Maana mikoko ya maji kujaa na mikoko ya maji kupwa si mikoko ileile ukiitazama kwa juu. Miche midogo yote inazama.

PwaniNaPikseli · saa 3:20 usiku

Ndugu yangu, umegusa kitu ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza.

Inapita kwetu kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, siku zote saa hizohizo. Wewe unajua vizuri kuliko mimi: siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanakuwa wapi saa hizo?

MtotoWaMwarongo · saa 3:34 usiku

Bamvua maji yanapwa saa nne, saa tano asubuhi. Ndiyo saa akina mama wanashuka kwenye mwani na kuokota pweza. Maji mafu, ya nusu mwezi, ni kinyume, saa hizo yamejaa, japo hayajai sana.

PwaniNaPikseli · saa 3:58 usiku

Dada Sahare, soma hayo tena. Chukua picha za siku za bamvua tu. Ukilinganisha picha ya bamvua ya 2016 na ya maji mafu ya leo, ramani yako itaonyesha mikoko imekufa kumbe imefunikwa na maji.

Na tazama inavyopunguza mzigo. Setilaiti mbili zinapita kila siku 5, picha 73 kwa mwaka. (Kabla ya ile ya pili, Sentinel-2B, kurushwa Machi 2017 ilikuwa moja, kila siku 10, kwa hiyo 2016 utapata chache.) Kila moja ikikaribia GB 1, mwaka mmoja unajaza GB 70. Ondoa mawingu, masika ndiyo kabisa, ondoa maji mafu, unabaki na picha chache kwa mwaka. Zikate, chukua bendi nne. Utafiti wako wote unaingia kwenye flashi ya GB 32.

FundiBarabaraYaNane · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Naongeza la mazingira maana wengi hawalisemi. Tuna joto, unyevu na chumvi ya bahari. Kipindi cha kaskazi chumba kikifika nyuzi 33, prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtu anadhani programu ni mbovu. Safisha feni, badilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa kama haijaguswa miaka mitano, inua laptopu isikae juu ya godoro wala kitambaa. Usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari. Nafungua mashine za Raskazone nakuta kutu ya kijani kwenye viungio, mashine ina miaka mitatu tu.

Na betri. Windows inakupa ripoti ukiandika powercfg /batteryreport. Betri mpya ni bei ndogo kuliko usiku unaopotea.

BintiSahare · Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3:10 usiku

Wakuu, nimerudi na majibu, nimeona si adabu kuondoka kimya.

Sikununua laptopu. Nimeweka vijiti viwili vya DDR3L, GB 16 jumla, SSD ya GB 500 na betri mpya. Fundi amesafisha feni na kupaka ile dawa. Pesa iliyotumika haijafika nusu ya laki 8.

Siku ya kwanza nilipata mshituko. SNAP ilikuwa inalalamika kumbukumbu haitoshi wakati GB 10 zipo tupu. Nikahangaika saa mbili.

PwaniNaPikseli · saa 3:22 usiku

Java. Samahani dada, nilisahau kukwambia. SNAP inaendeshwa na Java, programu inayoibeba chini kwa chini, na Java ina kikomo chake cha RAM kilichoandikwa tangu siku ya kusakinisha, ulipokuwa na GB 4. Haijui kama umeongeza.

BintiSahare · saa 3:40 usiku

Ndiyo hiyo. Nimeikuta kwenye mipangilio, ukurasa ulioandikwa Performance, namba inayofuata Xmx. Nimeipa GB 11, nyingine nimewaachia mfumo na QGIS. Hapohapo nimehamishia folda ya muda kwenye SSD.

Nikarudia picha ileile ya usiku ule. Kwanza nzima, kwa makusudi, nione. Dakika 14. Kisha nimeikata kwenye mstatili wa 30 kwa 10 na bendi nne. Nilibonyeza, nikageuka kuchukua maji, kurudi imekwisha.

Mlingotini, nimetumia Earth Engine kuchuja mawingu kama ulivyosema. Nimelinganisha tarehe na jedwali la maji, nimebaki na picha 31 kwa miaka yote. Mwaka 2016 una mbili tu, nitalazimika kulieleza hilo kwenye tasnifu.

Ramani ya kwanza imetoka jana. Kuna kipande kusini ya Tongoni ambapo programu inasema mikoko imeongezeka, na siiamini bado, inaweza kuwa mchu (aina ya mkoko) unaorudi au ni majani ya chumvi yanayodanganya bendi ya 8. Haionekani kwenye skrini, lazima mtu aende akasimame pale na GPS. Pesa iliyobaki nimeitengea boti.

MtotoWaMwarongo, bamvua ijayo ni lini, na utakuwa na nafasi?

MtotoWaMwarongo · saa 4:02 usiku

Mwezi mpya unaandama wiki ijayo. Siku ya pili baada yake maji yatakuwa mbali kabisa. Tuondoke saa kumi na mbili alfajiri wakati bado yapo, boti ifike ndani ya mikoko, tusubiri yapwe tukiwa kulekule. Njoo na viatu vya kufunga, tope la pale linavua ndala.